Kwa Nini Kitabu cha Pili Huvunja Moyo? Mfano wa Visiwa vya Terremer

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo hutajwa mara nyingi wasomaji wanapozungumzia riwaya za mfululizo: kitabu cha kwanza kilipendeza, mtunzi akasifiwa, kisha kitabu cha pili kikaja kikiwa chepesi, kana kwamba kimetiwa maji. Lawama hii huziangukia hasa riwaya za ajabu, yaani zile zinazomwingiza msomaji katika ulimwengu uliobuniwa mzima, wenye ramani yake, lugha zake na sheria zake. Mwanafunzi wa fasihi huileta darasani kwa maneno machache tu: cha kwanza kizuri, cha pili kinachosha. Kwa bahati mbaya mjadala huishia hapo. Upande mmoja huona kwamba hisia ya msomaji ni hukumu iliyokwisha kutolewa. Upande wa pili huona kwamba hisia si kazi ya uhakiki, na kwa hiyo huipuuza.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya lawama hiyo na kupima uzito wake. Yatatumia mfano mmoja, nao ni vitabu viwili vya kwanza vya mfululizo wa visiwa vya Earthsea, ambavyo wasomaji wa Kifaransa huvijua kwa jina la Terremer, vilivyotungwa na Mmarekani Ursula K. Le Guin. Hoja itakayotetewa ni kwamba kuvunjika moyo kwa msomaji ni ushahidi wa jambo fulani lililotendeka katika kitabu. Lakini shahidi huweza kusema kweli kuhusu tukio na kukosea kuhusu mahali lilipotokea; kwa hiyo ni lazima ahojiwe kabla ya hukumu kukatwa.

2. Mtunzi, vitabu na suala la istilahi

Le Guin alizaliwa mwaka 1929 mjini Berkeley, California, akafariki mwaka 2018 mjini Portland. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa bingwa wa anthropolojia, na mama yake, Theodora Kroeber, alikuwa mwandishi. Malezi hayo hayakosi kuonekana katika kazi zake, kwa kuwa kila kisiwa anachokibuni kina mila, nyimbo na namna yake ya kutoa majina.

Visiwa hivyo vilijitokeza kwanza katika hadithi fupi mbili zilizochapishwa mwaka 1964. Riwaya ya kwanza, A Wizard of Earthsea, ilitoka mwaka 1968; kwa Kifaransa inaitwa Le Sorcier de Terremer. Ya pili, The Tombs of Atuan, ambayo kwa Kifaransa ni Les Tombeaux d'Atuan, ilifuata mwaka 1971. Ya tatu, The Farthest Shore, ilichapishwa mwaka 1972. Baada ya kimya kirefu ilitoka Tehanu mwaka 1990, na mwaka 2001 mfululizo ukaongezewa mkusanyiko wa hadithi pamoja na riwaya nyingine.

Istilahi moja inahitaji maelezo. Neno la Kiingereza lililomo katika jina la kitabu cha kwanza, sawa na neno la Kifaransa "sorcier", lingeweza kutafsiriwa kwa "mchawi". Lakini katika Kiswahili mchawi ni mtu wa kudhuru, na anayetibu au kulinda huitwa mganga. Wahusika wa Le Guin husomea kazi yao chuoni, hutuliza pepo za baharini, huziba mashua zinazovuja na kuponya wagonjwa. Kwa hiyo neno litakalotumika hapa ni "mganga", ijapokuwa nalo halilingani kabisa na lile la asili.

3. Raha ya kitabu cha kwanza

Kitabu cha kwanza kina sura 10. Kinaeleza maisha ya Ged, mvulana mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, ambaye anagunduliwa kuwa na kipaji kikubwa cha uganga. Anafundishwa na mzee mnyamavu aitwaye Ogion, kisha anakwenda katika chuo cha waganga kisiwani Roke. Huko, kwa majivuno na kwa kushindana na mwenzake Jasper, anajaribu kumwita roho wa mtu aliyekufa zamani. Mlango anaoufungua unapitisha kivuli kisicho na jina, na kivuli hicho kinamwinda toka kisiwa hadi kisiwa. Hatimaye Ged anageuka na kukiwinda yeye, akisafiri pamoja na rafiki yake Vetch hadi ng'ambo ya visiwa vya mwisho vya mashariki, na huko anakiita kivuli kwa jina lake mwenyewe.

Raha ya masimulizi haya ina mihimili mitatu. Wa kwanza ni upana. Karibu kila sura inafungua bandari mpya, na msomaji anairudia ramani kila mara ili kuona mashua imefika wapi. Wa pili ni usuhuba. Msomaji anamfuata Ged tangu utotoni, anajua aibu yake na kovu lake, na hamwachi hata siku moja. Wa tatu ni sheria ya majina. Katika visiwa hivi kila kitu kina jina la kweli katika Lugha ya Kale, na anayelijua jina hilo ana mamlaka juu ya kitu chenyewe. Kwa sababu hiyo kila mtu huficha jina lake la kweli na kuitwa kwa jina jingine.

Mwanaisimu atavutiwa na mhimili huu wa tatu. Tangu mafundisho ya Ferdinand de Saussure yalipochapishwa mwaka 1916, wanafunzi wa isimu hufundishwa kwamba uhusiano kati ya neno na kitu ni wa nasibu. Terremer ni ulimwengu ambamo kanuni hiyo imepinduliwa, kama inavyojadiliwa katika Cratylus ya Plato. Mmoja wa walimu wa Roke, Kurremkarmerruk, huwakalisha wanafunzi katika mnara wa upweke wakikariri orodha ndefu za majina. Uganga, kwa maneno mengine, ni kazi ya msamiati. Faida yake inaonekana pale Ged anapolikabili joka la Pendor: hana jeshi wala silaha ya kutosha, lakini ametafiti habari za kale akakisia jina la joka hilo, na kwa jina hilo analifunga lisiweze kuvishambulia visiwa vya jirani.

4. Yaliyoondolewa katika kitabu cha pili

Msomaji anayekifungua kitabu cha pili kwa matumaini ya kurudi baharini anajikuta jangwani. Hadithi inatokea Atuan, katika nchi za Wakargad, watu wasioamini uganga wa visiwa. Mtoto mmoja wa kike, Tenar, anachukuliwa kwa wazazi wake akiwa mdogo kwa kuwa alizaliwa usiku ule ule alipokufa kuhani mkuu wa kike wa Makaburi. Inaaminiwa kwamba kuhani huyo huzaliwa upya kila anapofariki. Jina la Tenar linaondolewa katika ibada, naye anaitwa Arha, maana yake Aliyeliwa. Anakua miongoni mwa wanawake na matowashi, ndani ya ukuta, akiwatumikia Wasio na Jina, nguvu za giza zinazokaa chini ya ardhi. Chini ya Makaburi kuna pango kuu ambamo ni mwiko kuwasha taa, na baada ya pango kuna njia nyingi zinazopotoshana. Arha anazijifunza kwa kupapasa kuta na kuhesabu njia panda.

Lawama za msomaji ni rahisi kuorodhesha. Bahari haipo hadi mwishoni. Safari hakuna, kwa maana mhusika mkuu hatoki mahali pamoja. Mwendo wa masimulizi ni wa polepole, kwa kuwa ibada za kila siku zinafanana. Na zaidi ya yote, Ged hayupo. Kitabu kina sura 12, na katika nne za kwanza msomaji hamwoni. Anapojitokeza katika sura ya tano, ni mtu asiyejulikana aliyeshika fimbo inayotoa nuru katika pango lililokatazwa nuru. Arha anamfungia ndani afe kwa kiu. Mganga mkubwa wa kitabu cha kwanza anakuwa mfungwa anayelala sakafuni, ambaye nguvu zake karibu zote zinatumika kuzizuia nguvu za giza zisimwangamize.

Mihimili miwili kati ya mitatu, upana na usuhuba, imevunjwa. Si ajabu basi kwamba msomaji analalamika.

5. Mifululizo ya aina mbili

Hata hivyo, ukubwa wa lalamiko hutegemea aina ya mfululizo ambao msomaji alidhani ameanza kuusoma. Mhakiki Mjerumani Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967, alieleza kwamba kila msomaji hukiendea kitabu akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na vitabu alivyosoma awali. Katika mfululizo, upeo huo hujengwa na kitabu cha kwanza chenyewe.

Kuna mfululizo wa mhusika mmoja na visa vingi. Fasihi ya Kiswahili ina mfano maarufu katika kazi za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Aliyesoma Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na kumpenda Bwana Msa, anakifungua Kisima cha Giningi (1968) akimtafuta Bwana Msa yule yule, mwenye kiko kile kile na akili ile ile ya kufumbua mafumbo. Kisa ni kipya, lakini mahali pa msomaji hapabadiliki. Katika mfululizo wa namna hii, kudai yale yale ni haki, na mtunzi anayeyaondoa amevunja mapatano.

Kuna pia mfululizo ambao kila kitabu ni sehemu ya fikra moja inayokua. Hapo kurudia ni hatari. Kurudia ndani ya kazi moja huweza kuleta nguvu: katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, Karama anasimulia mahakamani safari za wajumbe sita, na kila safari ina umbo moja la kwenda, kujifunza, kurudi na kuadhibiwa. Kwa kuwa umbo ni moja, dhuluma inazidi kuwa nzito kila mjumbe anaporudi. Lakini kama safari ya saba ingeandikwa baadaye katika kitabu cha peke yake, kwa umbo lile lile, isingeongeza hoja yoyote.

Kitabu cha kwanza cha Terremer kina sura za aina zote mbili. Kwa kuwa kinamtaja Ged kuwa shujaa wa nyimbo nyingi, msomaji anadhani ameahidiwa kisa kingine cha shujaa huyo. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha kwanza cha kuvunjika moyo.

6. Ahadi iliyotimizwa kutoka upande wa pili

Ukweli ni kwamba ahadi ilikuwapo, na haikuvunjwa. Katika maneno ya mwisho ya kitabu cha kwanza, msimulizi anataja matendo ambayo Ged atayatenda baadaye, likiwamo la kuirudisha pete ya Erreth-Akbe kutoka katika Makaburi ya Atuan. Nusu ya pete hiyo Ged amekwisha kuipata katika kitabu hicho, akipewa na bibi kizee aliyeishi pamoja na ndugu yake katika kisiwa kidogo cha mchanga, bila mpokeaji kujua thamani yake. Kitabu cha pili kinatekeleza jambo lile lile lililotajwa: Ged anafika Atuan, anaipata nusu ya pili, na pete inapelekwa Havnor. Ahadi imelipwa yote.

Kilichobadilika ni mahali anapokaa msomaji. Gérard Genette, katika Figures III (1972), alifundisha kutenganisha maswali mawili: nani anasimulia, na nani anaona. Katika kitabu cha kwanza anayeona ni msafiri. Katika cha pili anayeona ni mlinzi wa mlango ambao msafiri atauvunja. Wimbo wa kishujaa ungesema kwamba Ged alikuja, akachukua, akaondoka. Riwaya inauliza yule aliyekuwa ndani aliishi vipi kabla mgeni hajafika, na inamtaka msomaji akae naye gizani sura nne nzima ili ajue.

Tukio moja linaonyesha jambo hilo kwa uwazi. Baada ya kumfungia Ged, Arha anakwenda juu kumchungulia kupitia matundu yaliyotobolewa katika dari za njia za chini. Msomaji aliyempenda Ged naye analazimika kumtazama kwa tundu hilo, kwa macho ya mtu anayemwona kuwa mwizi na mnajisi. Uchungu wa msomaji katika kurasa hizi hautokani na uzembe wa mtunzi, umepangwa. Msomaji anatamani taa iwashwe, na tamaa hiyo ndiyo hali halisi ya Arha, ambaye hajui bado kwamba anaitamani.

Mhimili wa tatu, sheria ya majina, haukuondolewa. Umegeuzwa. Katika kitabu cha kwanza swali lilikuwa: anayelijua jina ana uwezo gani? Katika cha pili swali ni: aliyenyang'anywa jina amebaki na nini? Arha hana utoto wala mama anayemkumbuka vema. Amri yake ya kwanza akiwa kuhani inawaua wafungwa watatu kwa njaa na kiu, na ndoto zake zinasumbuliwa nao. Ged anapomwita Tenar, anatenda jambo lile lile alilolitenda Pendor, la kulitamka jina la kweli lililofichika. Kule jina lilifunga joka. Huku jina linamfungua msichana. Sheria ni moja, matokeo yamepinduka. Anayekiita kitabu cha pili tembo lililotiwa maji hajaona kwamba fikra kuu ya kitabu cha kwanza imefikishwa mbali zaidi, tena bila majoka na bila bahari.

7. Pale msomaji alipo na haki

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila lawama ni kutoelewa. Makaburi yanapoporomoka na Tenar kutoka na Ged, zinabaki sura mbili. Tenar hana la kufanya ila kuongozwa. Usiku mmoja ufukoni anamwendea Ged na kisu mkononi, kwa kuwa uhuru umemwogopesha kuliko utumwa. Ni ukurasa wenye nguvu kubwa, lakini unapita haraka. Ged anaahidi kumpeleka Gont kwa Ogion. Kitabu kinaishia Havnor, Tenar akitembea ameshikwa mkono kama mtoto anayerudishwa nyumbani.

Msomaji ana haki ya kuuliza: je, ataishi vipi? Mwanamke aliyekuwa jicho la riwaya nzima amegeuzwa kuwa sehemu ya ushindi wa mwanamume, pamoja na pete. Riwaya ya tatu, ya mwaka 1972, haijibu. Inamrudisha Ged baharini, safari hii akiwa mkuu wa waganga wote na akifuatana na kijana Arren, na Tenar hayumo. Waliotaka upana na usuhuba wa awali walirudishiwa, na swali la Atuan likaachwa.

Jibu lilikuja mwaka 1990 katika Tehanu, miaka 19 baada ya kitabu cha pili. Humo Tenar ni mjane wa mkulima kisiwani Gont, mwenye watoto waliokwisha kukua, na anamlea msichana aliyechomwa moto na watu wake. Ged anarudi akiwa amepoteza uganga wake wote. Kitabu hicho kilipata tuzo ya Nebula ya riwaya bora ya mwaka huo, lakini wasomaji wengi wa zamani walisikitika kuliko walivyosikitika kwa Atuan, kwa maana shujaa wao sasa anachunga mbuzi. Katika mhadhara alioutoa Oxford mwaka 1992, Le Guin alieleza kwamba mapokeo ya hadithi za kishujaa ni ya kiume, kwamba vitabu vyake vya kwanza viliandikwa ndani ya mapokeo hayo, na kwamba ilimlazimu kuutazama upya ulimwengu wake kwa macho ya mwanamke.

Maelezo hayo yana maana kwa mada hii. Mtunzi mwenyewe aliona kwamba kulikuwa na upungufu. Msomaji wa mwaka 1971 aliyefunga kitabu akihisi kuwa kitu kimekosekana alihisi sawasawa. Lakini alipotafuta sababu, alishika ile iliyokuwa karibu: hakuna bahari, Ged amechelewa. Upungufu haukuwa katika sura nne za mwanzo zilizomchosha. Ulikuwa katika sura mbili za mwisho, ambazo pengine zilimfurahisha, kwa kuwa ndipo bahari iliporudi na Ged akashika usukani.

8. Hitimisho

Kutokana na mfano huu, mwalimu na mwanafunzi wanaweza kuijaribu lawama dhidi ya kitabu chochote cha pili kwa maswali matatu. Kwanza, kitabu cha kwanza kiliahidi nini hasa, na katika ukurasa upi? Ahadi nyingi ambazo msomaji huzidai alijiahidi mwenyewe. Pili, ahadi iliyokuwapo imevunjwa, au imetimizwa kutoka upande ambao msomaji hakuutegemea? Tatu, kitabu cha pili kimeanzisha swali gani lake chenyewe, na je, kimelijibu? Swali hili la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu linakipima kitabu kwa mizani yake, bila kukigeuza kivuli cha kile kilichotangulia.

Maswali hayo yanawahusu pia wale wanaotunga au kutafsiri riwaya kwa Kiswahili. Mtafsiri wa Terremer, kwa mfano, angepaswa kuamua tangu kitabu cha kwanza jinsi atakavyolieleza neno "jina la kweli", akijua kwamba katika cha pili neno hilo litabeba mzigo wa msichana asiye na jina. Akichagua neno kwa ajili ya joka la Pendor peke yake, atakapofika Atuan litamwangusha. Naye mtunzi anayekusudia mfululizo anashauriwa aamue mapema kama anaandika visa vya mhusika mmoja au ukuaji wa fikra moja, na aidokeze nia hiyo katika kitabu cha kwanza, ili msomaji ajue anaalikwa katika safari ya namna gani.

Kwa upande wa darasa, zoezi lenye manufaa ni kumtaka mwanafunzi aliyevunjika moyo aonyeshe sura ambamo hisia hiyo ilianza, kisha amsikilize mwenzake aliyekipenda kitabu hicho akiisoma sura hiyo hiyo kwa sauti. Mara nyingi watapatana juu ya maandishi na kutofautiana juu ya walichokuwa wakikitarajia, na kutoka hapo uhakiki unaweza kuanza.